Ukoo, Ng'ombe na Mpaka: Tahakiki ya Fikra za Ukabila Tarime na Serengeti

Katika mafunzo yetu ya itikadi ipo kauli moja ambayo kila mwanafunzi anaijua kabla hajafungua daftari: Tanzania hakuna ukabila. Kauli hiyo ina ukweli mkubwa, na ukweli huo haukushuka kutoka mbinguni. Ulijengwa kwa hatua za makusudi. Mwaka 1963 Serikali ya Tanganyika ilifuta mamlaka ya machifu. Mwaka huo huo lilianzishwa Jeshi la Kujenga Taifa, ambamo kijana wa Bukoba alishika jembe moja na kijana wa Newala. Kiswahili kilifanywa lugha ya Taifa na ya shule za msingi. Baada ya sensa ya mwaka 1967 karani wa sensa hakumuuliza tena raia kuwa yeye ni kabila gani. Hayo ni matunda ya mapambano, na hatuna sababu ya kuyaonea haya.

Lakini ukweli uliopatikana kwa mapambano hugeuka uvivu pale unapotumiwa kuzima maswali. Katika wilaya za Tarime na Serengeti, mkoani Mara, kada anayejibu kila jambo kwa kauli hiyo hawezi kueleza anachokiona kwa macho yake. Hawezi kueleza kwa nini katika miaka ya 2000 Wanchari na Warenchoka, wote Wakurya, wote wanaosema lugha moja, walipigana hadi watu wakafa na nyumba zikateketezwa. Hawezi kueleza kwa nini wajumbe wa kikao wanapokutana kumjadili mgombea huanza kunong'onezana juu ya ukoo wake kabla ya kusoma maelezo yake.

Makala hii inajadili swali hilo kwa kuvichambua vitabu viwili vilivyoandikwa na watafiti wa Marekani waliokaa mkoani Mara. Cha kwanza ni Kuria Cattle Raiders cha Michael Fleisher, kilichotoka mwaka 2000. Cha pili ni Claiming Civic Virtue cha Jan Bender Shetler, kilichotoka mwaka 2019. Tunavichambua kwa sababu kila kimoja kinasema jambo la kweli ambalo makada wetu wengi hawalisemi, na kila kimoja kinaishia mahali ambapo kazi yetu inapaswa kuanzia.

WEWE NI NANI?

Katika semina moja niliwaomba makada chipukizi kutoka wilaya hizo mbili waandike kwenye kipande cha karatasi jibu la swali fupi: wewe ni nani? Kijana wa Tarime aliandika jina la ukoo wake. Kijana wa Serengeti aliandika Mngoreme. Mwingine, aliyezaliwa Tarime lakini akakulia Mwanza, aliandika Mkurya. Dada mmoja aliandika koo mbili, ule wa baba yake na ule wa mume wake, kisha akaweka alama ya kuuliza katikati. Hakuna hata mmoja aliyeandika uongo. Walijibu swali moja kwa vipimo tofauti, kila mmoja kwa kipimo alichozoea kuulizwa.

Tuuchukue mfano wa mpaka. Mwaka 1886 Mwingereza na Mjerumani walikubaliana kugawana nchi hizi kwa mstari uliotoka pwani kuelekea Ziwa Viktoria. Mstari huo uliwapasua Wakira, Wanyabasi na Wairege, nusu huku na nusu kule. Leo Mwirege wa upande wa Kenya akiulizwa na karani wa sensa hujibu kwamba yeye ni Mkuria, kwa kuwa huko swali la kabila bado linaulizwa. Sensa ya Kenya ya mwaka 2019 ilihesabu Wakuria zaidi ya 300,000. Jina hilo lina kazi: majimbo mawili ya uchaguzi yanaitwa Kuria Mashariki na Kuria Magharibi, na jamii ndogo iliyo jirani na Wajaluo na Wakisii inalitumia kama ngao. Upande wetu, Mwirege yule yule hahesabiwi na mtu kwa jina la Mkurya. Jirani anayegombana naye juu ya malisho ni Mkurya mwenzake. Kwa hiyo jina linalofanya kazi kwake ni la ukoo.

Mtu huyo akihamia Dar es Salaam anakuwa Mkurya, na wenye nyumba watamdhania askari hata kama ni fundi cherehani. Akienda kutafuta kazi Oman anakuwa Mtanzania. Akifika Marekani, nchi ambayo utumwa uligawa watu kwa rangi ya ngozi, mwenye mamlaka hatamuuliza kama ni Mwirege au Mnyabasi. Ataona mtu mweusi tu. Mtu hakubadilika njiani. Kilichobadilika ni nani anayeuliza, na anauliza ili atoe nini au anyang'anye nini.

Hili ndilo somo la kwanza. Utambulisho wa mtu ni uhusiano. Huwezi kuuelewa kwa kumchunguza mtu peke yake. Lazima umchunguze pamoja na yule aliyesimama mbele yake na kitu kilichowekwa kati yao.

MAJINA YANA HISTORIA

Mkoloni alipenda kufikiri kwamba kabila ni kitu cha kale kisichobadilika, na wapo wenzetu waliorithi fikra hiyo bila kujua. Mjerumani Max Weiss, katika kitabu chake cha mwaka 1910 kuhusu watu wa kaskazini mwa koloni, aliliandika jina la Bakulia kana kwamba lilikuwa ni la taifa moja lililojipanga. Mtafiti Mwingereza Malcolm Ruel, aliyefanya kazi miongoni mwa Wakurya katika miaka ya 1950, alieleza mambo kwa namna nyingine. Watu walijitambulisha kwanza kwa ikiaro, yaani nchi ya ukoo wao mkubwa, na jina la Wakurya kama jina la wote lilienea zaidi chini ya ukoloni. Mamlaka yalikuwa ya wazee wa inchama na ya marika, hayakuwa ya mtawala mmoja. Utawala wa Mwingereza ulihitaji chifu wa kupokea amri na kukusanya kodi. Pale ambapo hakumkuta, alimtengeneza.

Upande wa Serengeti historia ni ya kufundisha zaidi. Katika kitabu chake cha awali, Imagining Serengeti cha mwaka 2007, Shetler alionyesha kwamba Wanata, Waikoma, Waisenye na Wangoreme walipata sura tunayoijua katika kipindi cha maafa mwishoni mwa karne ya 19: njaa, magonjwa ya watu na mifugo, na mashambulizi ya Wamaasai. Watu waliotawanyika walikusanyika upya, wakajipanga kwa marika, wakajipa majina. Masimulizi ya Waikoma yanamtaja mwindaji aliyetoka Sonjo. Na kitu kitakatifu kuliko vyote kwao, pembe za ndovu ziitwazo Machaba, masimulizi yao wenyewe yanasema zilitoka kwa Watatoga, watu wa lugha nyingine kabisa. Kabila linalodai usafi wa damu lingeona haya kusema hivyo. Wazee wa Ikoma hawaoni haya, kwa sababu wao wanakumbuka.

Tutazame pia ziwani. Wasuba wa visiwa vya Rusinga na Mfangano, upande wa Kenya, walikuwa wakisema lugha ya Kibantu. Katika vizazi vichache wengi wao wakawa wasemaji wa Kijaluo. Kama kabila lingekuwa damu, jambo hilo lisingewezekana.

DAMU AU NG'OMBE?

Hapo mwenzetu mmoja atasema: sawa, kabila limetengenezwa, lakini ukoo ni damu. Hoja hii ndiyo yenye nguvu zaidi vijijini, kwa hiyo ni lazima ijibiwe kwa desturi zenyewe.

Kwa desturi ya Wakurya mtoto ni wa nani? Ni wa yule aliyetoa ng'ombe. Mahari ikilipwa, mtoto ni wa ukoo wa mlipaji. Isipolipwa, mtoto hubaki kwa baba wa mama yake, hata kama kijiji kizima kinamjua aliyemzaa. Desturi ya nyumba ntobhu inaliweka jambo hili wazi kabisa. Mwanamke asiye na mtoto wa kiume hutoa ng'ombe na kumwoa binti, binti huyo akazaa na mwanamume mwingine, na watoto wakaitwa wa nyumba ya yule mwanamke aliyetoa ng'ombe. Damu ya mzazi wa kiume haihesabiwi. Barthazar Rwezaura, mwanasheria wa Kitanzania, aliichambua sheria ya kifamilia ya Wakurya katika kitabu chake cha mwaka 1985, na yeyote anayefundisha itikadi mkoani Mara anapaswa kukisoma.

Kwa hiyo kile kinachoitwa damu ya ukoo, ukikichunguza, ni hesabu ya mifugo. Ukoo ni chombo cha kumiliki ardhi, ng'ombe na uzazi wa wanawake. Sisemi hivyo kuwatukana wazee. Chombo hicho kiliwalisha watu na kuwalinda wakati ambapo hapakuwa na dola ya kuwalinda. Nasema hivyo ili tujue tunazungumzia nini. Ugomvi wa damu hauna dawa. Ugomvi wa mali una dawa.

FLEISHER: UKWELI WA WIZI

Sasa tukitazame kitabu cha Fleisher. Sifa yake kubwa ni kukataa uongo kwamba Wakurya huiba ng'ombe kwa sababu ndivyo walivyoumbwa. Anaonyesha kwamba uvamizi wa mifugo wa zamani, uliokuwa na miiko yake, uligeuzwa na kodi na soko la mkoloni kuwa biashara haramu. Ng'ombe hachukuliwi tena ili akae katika zizi la mvamizi. Huuzwa, na mara nyingi huvuka mpaka kwenda Kenya. Anaonyesha pia kwamba kijana asiye na dada wa kumletea ng'ombe wa mahari ana sababu zaidi ya kushika silaha na kwenda kuvamia. Huo ni uchambuzi wa hali halisi, na unamnyang'anya mbaguzi hoja yake.

Tena Fleisher aliona jambo ambalo viongozi wengi hawakutaka kuliona: vita vya koo na wizi vinalishana. Koo mbili zikiwa vitani, mwizi anapata kivuli cha kujificha, kwa sababu kila anachokifanya dhidi ya ukoo wa pili huhesabiwa kuwa ni ushujaa.

Kasoro yake iko wapi? Msomaji anamaliza kitabu akimfahamu kijana anayekimbia usiku na ng'ombe kuliko anavyomfahamu tajiri anayemsubiri asubuhi na fedha. Kijana ni Mwirege au Mnyabasi. Tajiri hana ukoo. Hununua kwa wote. Katika kila mapigano ya koo, maskini wa pande mbili huzika watoto wao, na mnunuzi huhesabu noti. Uchambuzi unaowataja wapiganaji kwa majina ya koo zao, ukamwacha mfaidikaji bila jina la tabaka lake, ni uchambuzi nusu.

SHETLER: KUMBUKUMBU ZA WANAWAKE

Kitabu cha Shetler kinaingia kupitia mlango mwingine. Anauliza kwa nini mkoa wa Mara, wenye makabila mengi kiasi hicho, haukutumbukia katika vita vikubwa vya kikabila. Jibu lake ni kwamba watafiti waliwahoji wanaume. Wanaume walisimulia asili ya makabila, mipaka na vita. Alipowahoji wanawake alisikia historia nyingine: nani aliolewa wapi, nani alimpa nani chakula wakati wa njaa, shangazi yupi anaishi ng'ambo ya mto. Wanaume walikumbuka mipaka, wanawake wakakumbuka njia zinazoivuka.

Ugunduzi huu ni mkubwa. Yule dada wa semina aliyeandika koo mbili hakuwa amechanganyikiwa. Yeye ndiye aliyejibu kwa ukamilifu kuliko wote, kwa sababu maisha yake yanapita katika nyumba mbili. Wanaume wa koo zinazopigana wana mama, bibi na mashemeji upande wa pili. Mtandao huo ni hazina ya amani ambayo Chama hakikuiunda, na mara nyingi hakiitumii.

Lakini hapa pia tuwe wakali. Daraja si huru kwa sababu tu linaunganisha kingo mbili, linakanyagwa pia. Mwanamke anayeunganisha koo amefika huko kwa ng'ombe waliohesabiwa na wanaume. Na kabla ya hapo mwili wake umetiwa alama.

ALAMA YA UKEKETAJI

Hili ni jambo ambalo hatuna ruhusa ya kulikwepa. Mtetezi wa ukeketaji Tarime au Serengeti hasemi kwamba ni jambo jema kwa afya ya binti. Anasema: bila hilo yeye si Mkurya, si wa ukoo wetu. Yaani hoja nzima ni ya utambulisho. Wajaluo, kwa desturi yao, hawakutahiri. Zamani waling'oa meno sita ya chini. Kwa hiyo tohara ikawa mpaka kati ya majirani hao, na mpaka huo ukachorwa kwenye mwili wa mtoto.

Sheria ya mwaka 1998 ya makosa ya kujamiiana iliufanya ukeketaji wa msichana aliye chini ya miaka 18 kuwa kosa la jinai. Hata hivyo utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi wa mwaka 2015-16 ulikuta kwamba asilimia 32 ya wanawake wa Mara wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamekeketwa. Msimu unapofika, wapo mabinti wanaokimbilia nyumba salama, kama za Masanga na Mugumu.

Kada amjibu nini mtetezi huyo? Asimwambie kwamba mila zake ni za kishenzi. Hiyo ni lugha ya mkoloni, na mzee ataacha kusikiliza. Amjibu kwa historia ya mzee mwenyewe. Wajaluo waliacha kung'oa meno, nao ni Wajaluo hadi leo. Waikoma walipokea kitu kitakatifu kutoka kwa wageni, nao ni Waikoma. Wakurya waliacha vita vya mikuki na ngao, nao ni Wakurya. Kama ukoo ulivuka sotoka na njaa, utavuka pia kuacha kisu. Tena amuulize swali la mali: binti akikeketwa, nani anapokea ada, na nani anapokea ng'ombe wa mahari yanayofuata? Mila yenye malipo ina mtetezi mwenye maslahi.

MAKOSA YETU MAWILI

Ndugu msomaji, tahakiki isiyomgusa mhakiki ni porojo. Sisi wafundishaji wa itikadi tuna makosa mawili.

Kosa la kwanza ni la kukana. Tulifundisha kwamba kabila limekwisha, tukadhani ukoo umekwisha nalo. Kumbe ngazi ya juu ilipofungwa, mashindano yalishuka ngazi ya chini. Mipaka ya vijiji na kata ilipokaribiana na mipaka ya koo, ofisi ya umma ikaanza kuonekana kama zizi: tukiipata sisi, ninyi mtakaa nje. Mwafrika Kusini Archie Mafeje, aliyewahi kufundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliandika mwaka 1971 kwamba ukabila ni itikadi inayofunika mambo mengine, hasa maslahi ya wakubwa. Tulimsoma tukawafikiria Wakenya na Wanaijeria. Tulipaswa kufikiria kata zetu.

Kosa la pili ni la hesabu. Kada anayekana ukabila jukwaani huingia ndani ya kikao akahesabu koo kwa vidole. Nimeliona jambo hili, na nimelishiriki. Katika kikao kimoja cha kupendekeza mgombea, mwenzetu alisema kijana aliyejadiliwa ni hodari lakini ukoo wake ni mdogo, hautafikisha kura. Nilijua ni makosa. Nilinyamaza, kwa sababu hesabu yake ilikuwa sahihi. Siku ile tulimfundisha kijana yule somo la itikadi ambalo hakuna semina itakayolifuta.

WAJIBU WA KADA

Kutokana na uchambuzi huu, nini kifanyike? Kwanza, kada asione aibu kuutaja ukoo kwa jina. Autaje hadharani, pamoja na ugomvi wake, kisha aonyeshe ni mali gani iliyo katikati: malisho, kisima, fidia ya ardhi, au nafasi ya uongozi. Mapigano yakitokea, swali la kwanza lisiwe koo zipi zinapigana. Liwe: ng'ombe wameuzwa wapi, na nani amenunua?

Pili, mabaraza ya usuluhishi yasiwe ya wazee wa kiume peke yao. Wakae ndani wanawake walioolewa ng'ambo ya mpaka wa ugomvi, kwa sababu wao wana watoto upande mmoja na kaka upande mwingine. Hao ndio wanaojua gharama yote.

Tatu, sheria zetu zifundishwe hadi kwenye boma. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema ndoa haibatiliki kwa sababu mahari haikulipwa. Zaidi ya miaka hamsini imepita, na bado kijana anaamini kwamba bila ng'ombe yeye si mtu, na bila wizi hapati ng'ombe. Pengo hilo kati ya sheria na zizi ndilo linalozalisha maiti.

Nne, na hili ni letu sisi: katika kikao, anayetaja ukubwa wa ukoo kama sifa au kasoro ya mgombea akatazwe papo hapo, hata kama hesabu yake ni sahihi. Hasa kama hesabu yake ni sahihi, kwa maana hapo ndipo kishawishi kilipo.

Vile vipande vya karatasi vya semina bado ninavyo. Hatuwaombi vijana wale wafute walichoandika. Mngoreme abaki Mngoreme na Mwirege abaki Mwirege; lugha, nyimbo na majina ya babu zao ni mali ya Taifa zima. Kazi yetu ni kuhakikisha kwamba jibu la swali hilo halimpi mtu malisho, kiti wala mke, na halimnyimi mwingine uhai. Hapo ndipo kauli yetu ya kwamba Tanzania hakuna ukabila itakapoacha kuwa maneno ya daftarini.